Beki wa Kiwanja Chenye Kona Tatu

Kiwanja chetu hapa Kamalondo kina kona tatu. Ya nne iliuzwa. Aliyeiuza ni mkubwa mmoja wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, aliyekuwa na mhuri mkononi wakati ule, na aliyeinunua ni mzee mwenye depo ya unga wa mahindi. Majina yao siandiki, lakini mtaa mzima unayajua, na wao wakisoma watajikuta. Walisimamisha ukuta wa matofali mshazari, kuanzia karibu na goli mpaka kwenye mstari wa pembeni, wakakata ile kona kama mtu anavyokata ncha ya mkate. Nyuma ya ukuta kuna magunia. Mbele ya ukuta tuko sisi na mpira wetu.

Huyo mzee wa depo tunamwita Présida, kwa sababu zamani alikuwa rais wa timu niliyoichezea. Ni yeye aliyetupandisha juu ya lori. Tulikuwa tumecheza Kasomeno, tumeshinda, na gari tuliloahidiwa la kuturudisha Lubumbashi halikuja. Lililokuja ni lori limejaa mahindi yake mpaka juu. Akasema, "Vijana, mupande, mutaikala juu ya magunia kama bafalme." Dereva alikuwa anakunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, tangu asubuhi. Présida alimwona. Mimi nilimwona Présida akimwona. Kisha akaingia mbele, kwenye kiti, na sisi tukapanda juu tukiimba. Kabla ya giza lori lilikuwa limelala ubavu. Kuna wenzangu ambao hawakuamka tena, na waliuawa na magunia yale yale tuliyoyakalia. Mimi nilitolewa chini yake mguu wa kuume umegeukia upande usio wake. Nilikuwa milieu, kiungo wa katikati, na watu walikuwa wakitoka Katuba na Kenya, komini za mji huu huu, kuja kuniona. Kwenye matanga Présida alisimama akasema ni mapenzi ya Mungu. Sijasoma sana, niliacha shule nikiwa bado mdogo, lakini mapenzi ya Mungu na mapenzi ya mtu asiyetaka kukodi gari najua kuyatenga.

Nimeanza na hayo ili anayesoma ajue ni nani anaongea naye. Mchana nashona viatu mbele ya lupango yetu, yaani ua wetu, na wengi wa wateja wangu ni viatu vya mpira vilivyopasuka. Jioni nafundisha watoto wa mtaa. Nimefundisha wengi, na wengi wamekuwa watu wa kawaida tu, wazuri. Lakini kuna mmoja ambaye nikitaja kazi niliyoifanya juu yake nanyoosha mgongo. Nilimtoa katikati ya uwanja nikamfanya beki wa pembeni, beki anayepanda kushambulia, na kwa ajili hiyo mtaa uliniita mtu wa kununuliwa.

Alikuwa mvulana mwembamba, hajafika miaka kumi na saba, mtoto wa mama mmoja anayeuza bitoyo, yaani samaki wa chumvi, kando ya kiwanja chetu. Baba yake alikwenda Kolwezi kuchimba na hakurudi, wala hakufa. Mama alikuwa amemlea pale pale kwenye mstari wa pembeni wa kuume, sahani za samaki mbele yake na kiwanja nyuma ya sahani. Mtoto alicheza katikati kwa sababu kila mtoto mwenye akili ya mpira hapa anacheza katikati. Na mtaa ulimpenda. Alikuwa na kugeuka kuzuri, na wazee waliokaa kwenye matofali walikuwa wakipiga mluzi akigeuka.

Mimi sikupiga mluzi. Nilimwangalia msimu mzima nikiona kitu ambacho wale wazee hawakutaka kukiona. Mpira ukimfikia amegeuka mgongo kwa goli la adui, alikuwa kama mtu aliyeingia nyumba ya wengine umeme umekatika: anapapasa. Wanamzunguka wawili, anamzunguka mmoja, wa pili anauchukua. Akishanyang'anywa anakimbia kuutafuta kuliko wote, na anaupata, na anaupoteza tena pale pale. Lakini mara moja moja mchezo ulimtupa pembeni, mstari ukiwa begani mwake, hakuna mtu wa kumtokea upande ule. Hapo mtoto alikuwa anabadilika. Anainua kichwa. Anatia mbio. Kiatu cha kuume ukikivaa mguu wa kushoto kinakuumiza, na fundi mjinga atasema kiatu ni kibaya.

Sasa lazima nieleze kwetu pembeni nyuma ni mahali pa nani. Watoto wa Kamalondo wakipanga timu mtaani, mpira ni wa mtoto mmoja ambaye baba yake ana kitu kidogo. Mara nyingi huyo hajui kucheza. Huwezi kumwacha nje, atabeba mpira wake aende nyumbani. Basi anawekwa latéral, beki wa pembeni, mbali na kila kitu, na wanampigia makofi akigusa mpira. Kwa hiyo hapa ukimwambia mtu "weye latéral", umemwambia kwamba anachezeshwa kwa sababu ya mpira wake.

Nilimwambia mbele ya wenzake, na hiyo pengine haikuwa akili. "Kuanzia leo unacheza latéral ya kuume."

Alicheka. Kisha akaona mimi sicheki. Akautazama mpira niliokuwa nimeukumbatia. "Papa kocha, ile mupira iko ya nani?"

"Ya timu."

"Ah. Minafikiri iko yangu."

Wenzake wakaanguka chini kwa kicheko. Mmoja akapiga magoti mbele yake, mikono pamoja: "Mwenye mupira, tafazali, usiende nayo ku nyumba! Tutakupatia pasi!" Mwingine akampigia makofi kwa kusimama tu. Mtoto alikwenda pembeni akasimama, mikono kiunoni, na jioni ile hakukimbia hata mara moja.

Mambo yangeishia kwenye kicheko kama Présida hangeleta mkono wake. Wiki ile ile alituma mtoto wa binti yake kwenye timu yetu, na pamoja naye mfuko wa vareuse mpya, jezi za kijani zenye kola. Sikumwomba. Timu ilikuwa inacheza na fulana za kila rangi, nikazipokea kwa ajili ya watoto. Na yule mjukuu, nasema ukweli kwa sababu mtoto hana kosa la babu yake, alikuwa milieu na alijua kutoa pasi. Nafasi ilikuwa wazi. Nikamweka katikati.

Siku ya pili asubuhi mama wa bitoyo alifika mbele ya lupango yetu, beseni kichwani. Alilitua polepole, akapanga kitambaa juu ya samaki, ndipo akanisalimia.

"Jambo yenu, papa kocha."

"Jambo sana, mama."

"Minakuya na neno moja tu. Mutoto yangu alikukosea nini?"

"Hakukosa kitu."

"Basi juu ya nini unamufukuza katikati?"

"Simufukuzi, mama. Minamupeleka pa kwake."

"Pa kwake!" Akawageukia wapita njia kama mashahidi. "Pa kwake iko ku sahani za samaki? Pale minaikala miye, jua inanipiga, inzi inanipiga. Miye nilimuzaa ili akuye kunifwata pale?"

Nilijaribu kumweleza habari ya kichwa kuinuka na mstari wa begani. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenikatiza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, akiniita vieux, yaani mzee, "Ile muzee alinunua muguu yako na lori. Ukanyamaza. Sasa anakununua na vareuse. Vieux, weye unajiuzishaka mara ngapi?"

Akabeba beseni lake akaenda. Jirani yangu anayecharaza cherehani ya kushona suruali aliacha kucharaza. Nilikuwa nimeshika kiatu cha mtu, nikarudi kukishona.

Hilo lilizunguka Kamalondo kabla ya saa sita. Kwenye baa walilitengenezea mzaha: ukitaka nafasi katika timu ya kiwete, peleka kitambaa cha kijani. Watu walionibeba begani zamani walinigeuzia bega. Na mimi nasema hapa, kwa maandishi: sikununuliwa. Nilimwona mtoto mahali pake kabla ule mfuko haujafunguliwa. Lakini nani atamwamini fundi viatu, kama matendo yanafanana vile na kosa?

Mtoto hakuja mazoezini. Mama alikuwa amemkataza. Siku zikapita, nikasema basi. Ndipo jioni moja nikamkuta kwenye kiwanja kabla ya wenzake, peke yake, amesimama mahali pa latéral, anaangalia mbele.

"Mama anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Basi rudia nyumbani."

"Papa kocha, mungoje kidogo, nitarudia. Kuna kitu niliona ile siku ya kwanza. Nilikuwa na hasira, nilisimama tu. Lakini kusimama hapa, minaona bote. Iko kama mutu mwenye kusimama ku mulango. Balioko ndani anabaona, na nyuma yake haiko mutu."

Nilikuwa nimemweleza mama yake kwa maneno mengi, na mtoto akalisema lote kwa neno moja: mlango. Nilimwambia akamwambie mama kwanza, kisha arudi. Sijui alimwambia nini. Alirudi, na mama kwenye mstari alinipa kisogo kwa muda mrefu.

Kazi ilianza, na kazi ilikuwa ule ukuta. Beki anayeshambulia anapanda mpaka mwisho kabisa, karibu na bendera ya kona, kisha anarudisha mpira mbele ya goli. Ndivyo wanavyofanya kwenye televisheni. Sisi hatuna bendera upande ule, tuna depo. Ukipanda kwa mbio upande wa kuume unafika kwenye matofali. Na sheria ya kiwanja chetu, waliyoitunga watoto wenyewe tangu kona iuzwe, ni kwamba mpira ukigonga ukuta mchezo unaendelea. Ukuta hauna timu, wanasema. Wajanja wanautumia kama mwenzao, wanapiga hapo mpira unarudi.

Kwanza niliutukana ule ukuta, kama kila siku. Kisha nikasema, kama hatuwezi kufika kwenye kona, tutapiga kabla ya kona. Nilichora mstari kwa makaa, mbali na ukuta, mbali hata na eneo la penalti. Nikamwambia, mguu wako hauruhusiwi kupita hapa na mpira. Ukifika hapa uwe umeshapiga. Na usiusimamishe kwanza, upige ukikimbia, upite chini chini kati ya kipa na mabeki wake, mahali ambapo kipa anaogopa kutoka na beki anaogopa kugusa. Alipiga juu ya depo. Alipiga kwa wauza makaa. Alipiga mara mbili kwenye cherehani ya jirani yangu. Jioni nyingine mpira wake ulipita sawasawa na hakuna mtu aliyekuwapo kuupokea, na wote wawili tuliutazama kwa furaha unavyokwenda wenyewe mpaka kwenye mfereji.

Kupanda alikupenda. Kurudi ndiko kulimshinda. Aliyezoea katikati anaamini kuna mwingine nyuma yake. Winga wa upande wa pili alikuwa anamngoja apande, kisha anateremka kwenye nafasi aliyoiacha, kando ya akina mama na sahani zao. Mimi na mguu wangu siwezi kukimbia kando yake nikimwonyesha. Nilipiga kelele sauti ikakauka.

Ndipo jioni moja mtoto alipanda, akapoteza, akasimama kushika kiuno, na winga akapita nyuma yake karibu kabisa na beseni la mama. Mama akaruka juu, samaki mkononi. "Mugongo! Mugongo, weye kijinga, iko napita nyuma yako!"

Mtoto aligeuka kama aliyechomwa, akarudi mbio, akautoa mpira. Mstari mzima wa akina mama ulilipuka kwa kicheko. Muuza nyanya akamwuliza, "Kumbe siku hizi uko kocha?"

"Miye haiko kocha. Angekanyaga samaki yangu."

Lakini kesho yake alipaza sauti tena, na kesho kutwa akina mama wote walipaza pamoja naye. "Mugongo!" Mtoto alikuwa na macho ya ziada nyuma ya kichwa, na yalikuwa yanauza nyanya na bitoyo. Kwangu mama bado hakuwa na neno.

Kiangazi kilipokuja, baridi ya asubuhi na vumbi jekundu, habari ilifika kwamba watu wa centre, shule ya mpira ya timu moja kubwa ya mji, watatazama timu za mitaa. Kila timu mchezo mmoja. Watakaochaguliwa watalala pale, watakula pale, watasoma pale. Kwa mtoto wa mama anayeuza bitoyo mlango kama ule unafunguka mara moja. Sasa kila mtu mtaani alikuwa na hesabu yake: kama mtoto atakataliwa akiwa latéral, basi ni mimi nimemfungia, na ni Présida amelipa. Hata mimi nililala na hesabu hiyo.

Présida alituma neno kwamba lori lake la unga litatubeba bure. Niliwaambia watoto tutatembea. Walinung'unika, mmoja akasema lori iko bure, papa. Nikamwambia najua bei yake. Tukavuka mji kwa miguu, viatu vimefungwa shingoni, mimi nyuma nikichechemea, na sikuwahi kuona timu nzuri kuliko ile.

Kiwanja chao kilikuwa cha majani na kilikuwa na kona nne. Mmoja wa watoto wetu alikwenda akaigusa bendera ya kona kwa kidole. Mama wa bitoyo alikuwa amefika kabla yetu kwa taximoto, amevaa kitenge cha kanisani. Présida alikuwa na kiti chake cha plastiki, ameletewa.

Tulicheza na timu ya Katuba. Mwanzo ulikuwa wa kubanana tu. Kisha mmoja wetu akapiga mpira mrefu mbele upande wa kuume, karibu na kona yao, ukawa unateleza kuelekea nje ya mstari wa pembeni. Mtoto wangu alikuwa mbele ya winga wao, mpira ni wake, hatua mbili anauchukua. Akauacha. Akageuka kidogo, akakunja magoti, akaungojea. Mpira ukatoka nje. Yeye bado kakunja magoti.

Jukwaani mtu mmoja aliuliza, "Ule anangojea nini?" Watu wakacheka. Kiwanja kizima mimi peke yangu nilijua anangojea nini. Alikuwa anangojea ukuta umrudishie.

Wa Katuba walirusha haraka nyuma yake, wakaingia, wakafunga. Mtoto alitazama pale mpira ulipotokea, majani matupu, kama mtu aliyeegemea kiti kisichokuwapo.

Mapumziko mama alikuja mbio mpaka tulipokaa. Sauti ya asubuhi ile haikuwapo. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Papa, murudishe katikati. Minakulomba. Leo tu. Kesho umufanye unavyotaka, umuweke hata goli. Lakini leo murudishe."

Présida naye alikuwa amesogea na fimbo yake. "Pangeni vile munataka," alisema, "lakini mujukuu yangu haitoke."

Nasema kilichonipita moyoni. Nilitaka kumtoa mjukuu, si kwa mpira, kwa ajili ya jina langu. Ningemrudisha mtoto katikati mbele ya mtaa wote, na Présida angeondoka na kiti chake, na mama angeninyooshea mkono, na jioni ile baa nzima ingesema kiwete si mtu wa kununuliwa. Jina langu lingeoshwa. Na mtoto angerudi gizani kupapasa, mbele ya watu wa centre.

Mtoto alikuwa anamimina maji kichwani. Akasema bila kumtazama mtu, "Mama, wacha. Papa kocha, muniache pale. Nilisahau. Ukuta haiko. Sasa minajua."

"Utamuachia tena apite nyuma?" mama akauliza.

"Weye utapiga kelele?"

"Nitapiga mpaka bale banalala ku makaburi baamuke."

"Basi."

Kipindi cha pili nilikaa chini, kwa sababu mguu haukunibeba. Mara ya kwanza alipanda akarudi. Mara ya pili akamnyang'anya winga, safi, akampa mwenzake. Kisha ukaja ule. Alipokea mbele ya mstari wa katikati, kichwa juu, mstari begani mwake. Beki wa Katuba alikimbia kwenda kumngojea karibu na kona, kwa sababu mabeki wote duniani wamefundishwa kwamba beki mwenzao atakwenda kwenye kona. Mabeki wenzake wa Katuba wakawa bado wanarudi golini kwao, migongo yao kwetu. Mtoto wangu hakwenda kwenye kona. Hajui kwenda kwenye kona. Alipiga kutoka mbali, akikimbia, chini chini, mpira ukajikunja kati ya kipa na mabeki, pale pale pa kuogopa. Mjukuu wa Présida alikuwa anatoka katikati kwa mbio. Aligusa tu.

Kelele ilikuwa kubwa. Présida alisimama juu ya miguu yake mibovu akipiga kifua: "Damu yangu! Damu yangu!" Watoto wote walimrukia mjukuu. Mimi nilimtafuta wangu. Alikuwa ameshageuka, anarudi mahali pake mbio, anatazama nyuma ya bega lake nani yuko wapi. Na nilipomtazama mtu wa centre, mwanaume mrefu mwenye koti la michezo, nikaona haangalii lile rundo la furaha. Anaangalia anayerudi.

Tulitoka sare. Mtu wa centre alikuja, akanisalimia kwa heshima, akauliza, "Vieux, nani alimufundisha kupiga mapema vile? Wangu nabaambia kila siku, habasikii. Bote banakimbilia ku kona."

"Ukuta," nikamwambia. Akadhani ni mzaha. Nikamweleza kiwanja chenye kona tatu.

Présida alikuwa amefika na kiti kinabebwa nyuma yake. Akasikia, akafurahi kweli kweli, akamshika yule mtu bega. "Ile ukuta nilijenga miye! Mukipenda muandike: bila miye, hakuna latéral."

Nilikuwa nimenyamaza miaka mingi. Kwenye matanga nilinyamaza, kwenye kanisa akiketi mbele nilinyamaza, ilipouzwa kona nilinung'unika tu na viatu vyangu. Watu walikuwa wametuzunguka, mama, watoto, watu wa Katuba.

"Ndiyo," nikasema. "Ukuta iko yako. Na lori ilikuwa yako. Na dereva ulimuona."

Présida alitafuta mtu wa kumtazama, akakosa. Mzee mmoja wa Kamalondo aliyekuwa na ndugu juu ya lori lile alivua kofia. Présida akageuka na fimbo yake, na aliyebeba kiti akachelewa kidogo kumfuata.

Mtu wa centre hakuelewa, na hakuuliza. Alisema tu, "Bamilieu tuko nabo bengi. Kila mutaa inatuletea milieu. Latéral wa kupanda na kurudia, hapana. Huyu minamukamata." Mjukuu hakumchukua, na nilimwonea huruma. Bado anacheza kwangu, bado anatoa pasi nzuri, na simwiti mjukuu wa mtu.

Mama hakuniomba msamaha. Sikuungoja. Kesho yake nilipopita kwenye mstari nilimsikia akimweleza muuza nyanya, "Tangu zamani nilimwambia ule mutoto, pembeni njo pazuri." Muuza nyanya alinitazama, akaziba mdomo kwa kanga.

Mtu akiniuliza nimefanya nini katika maisha haya, simwonyeshi viatu. Namwambia nimemfanya beki. Nimeona kitu ambacho hakikuonekana, nikakishikilia wakati jina langu linaburutwa, na sikukosea. Wachache wanaweza kusema hivyo, na wenye depo hawamo.

Mchezo wake wa kwanza na vijana wa centre tulikwenda pamoja, mimi na mama. Tulikaa upande wake, karibu na mstari, tukimwona jasho. Kipindi cha pili timu zilibadilishana pande za uwanja, na yeye akaenda upande wa mbali, uwanja mzima kati yetu. Mama akainuka. Mimi nikainuka. Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Muzee, ikala tu, huku njo kuko kivuli. Unaenda wapi na ule muguu?"

"Namfuata mtoto."

Tulizunguka nyuma ya goli, mama mbele, mimi nikivuta mguu. Hatukuwa tumefika hata kwenye bendera ya kona aliposhika mpira upande ule na kuinua kichwa.

"Tembea, vieux!" mama akanipigia kelele. "Tembea! Anapanda!"